Mwandishi Hajulikani

Jumatatu, 12 Januari 2004

Muhula umeanza na mvua, na paa la ukumbi linavuja palepale lilipovuja mwaka jana. Thaddeus Vance, mkuu wa idara na rafiki yangu tangu sote tulipokuwa na nywele nyeusi, ameniletea habari mbili ofisini, akazitoa akiwa amesimama kama mtu anayetangaza ndoa kanisani. Ya kwanza: chama cha wasomi wa tamthilia kitanipa nishani ya kazi ya maisha, huko Atlanta, mwishoni mwa Aprili. Ya pili: mchapishaji anataka kukitoa upya kitabu changu, *Kinywa cha Wengi*, kwa kuwa kinatimiza miaka thelathini. Dibaji mpya inatakiwa kabla ya tarehe 29 Machi.

"Imogene," akasema, "mwaka huu ukitaka kuegesha gari sebuleni kwa rais wa chuo, egesha. Nani atakugusa?"

Nilicheka. Naliandika hilo kwa sababu nina miaka hamsini na tisa, na furaha imekuwa ikinipitia mbali.

Ili sherehe ikamilike, tutaigiza *Viti vya Mbele* hapa Chuo cha Tolliver, Jumamosi ya 27 Machi. Kitabu changu chote kimesimama juu ya mchezo huo. Niliupata kiangazi cha 1971 katika mji mdogo wa Ellisboro, kule Delta kwenye mashamba ya pamba, umeandikwa kwa penseli ndani ya daftari la shule. Ulikuwa umechezwa kanisani mwaka 1934. Dada Tempie, msugua sakafu wa kanisa, anaingia siku ya Jumapili na kuketi kiti cha mbele, kiti cha wakubwa, na hakuna anayeweza kumwondoa. Daftari halina jina la mwandishi. Hapo ndipo nilipojenga hoja iliyonilisha maisha yote: kwamba tamthilia yetu sisi watu weusi haina mwandishi mmoja. Mwandishi wake ni umati, kanisa zima linalomjibu mhubiri mpaka jibu lenyewe linageuka kuwa mchezo.

Jumatano, 21 Januari

Mvua. Nimechagua waigizaji. Dada Tempie ataigizwa na Shondra Pettway, mwanafunzi wa mwaka wa tatu kutoka Yazoo City, mwenye sauti ya kuamsha wafu na mazoea ya kuchelewa. Nilipomuuliza sababu alisema, "Profesa, mimi sijachelewa. Ninyi ndio mmewahi." Wenzake wakacheka. Sijampenda bado.

Ijumaa, 30 Januari

Mvua. Mazoezi. Ndoo tatu chini ya paa.

Alhamisi, 5 Februari

Bibi mmoja ametuharibia siku.

Aliingia ukumbini saa kumi alasiri akiwa na fimbo, kofia ya zambarau na mkoba mkubwa kiasi cha kubeba mtoto mchanga. Jirani yake alimshusha mlangoni. Alisema amesoma gazetini kwamba tunaigiza mchezo wa Ellisboro, naye ni wa Ellisboro, basi akaketi safu ya kwanza bila kukaribishwa. Nikamwacha. Watu wazima wa Delta hawafukuzwi.

Tulikuwa tumefika kwenye moyo wa mchezo. Shemasi anamwamuru Dada Tempie atoke kwenye kiti. Shondra akapiga magoti kama nilivyomfundisha, akainua mikono, macho amefumba, chozi likitaka kushuka, akasema polepole: "Bwana, mimi sina haraka. Nimekuja na chakula changu."

Mstari huo nimeuandikia kurasa arobaini na moja, sura ya tatu yote. Chakula ni meza ya Bwana. Haraka ni uhuru unaocheleweshwa. Wasomi wa nchi tatu wamenukuu sura hiyo.

Bibi akacheka. Hakikuwa kicheko cha adabu. Kilitoka tumboni, kikapanda mpaka kofia ikatikisika.

"Samahani, mama," nikasema, "tuko kazini."

"Naona. Tena mnaifanya kazi kweli. Huyo mtoto analia nini?"

"Ni sala, mama."

"Sala ya nani? Huo ni utani. Mchungaji Gaines alikuwa anahubiri mpaka kuku wanarudi bandani. Watu tulikuwa tunakuja na chakula mfukoni. Dada yangu alipofika hapo alitia mkono kifuani hivi, akatoa kiazi kitamu kilichopoa, akaanza kukimenya mbele ya uso wa shemasi. Watu wakaanguka chini ya viti. Shemasi mwenyewe ilibidi akabadilishe suruali."

Wanafunzi wakapasuka kwa kicheko. Nikangoja wanyamaze.

"Kwa hiyo dada yako aliigiza Dada Tempie."

"Aliigiza, na ndiye aliyeuandika. Aliuandika kwenye meza ya jikoni, mimi nakaanga kambare na kumwambia atoe karatasi zake nipate pa kuweka sahani. Lurline Crump. Mimi ni Ozella, mdogo wake. Nina miaka themanini na tisa, na kichwa hakijaingia ukungu."

Wanafunzi wote wakanigeukia. Nikatumia sauti yangu ya mikutano. Nikamwambia kumbukumbu kama hizi ni hazina kwetu, na kwamba katika jamii nyingi watu humtaja mtu mmoja pale ambapo jamii nzima...

"Msichana," Bi Ozella akanikatiza, "mimi sijasema jamii. Nimesema Lurline."

Shondra alijifanya anakohoa.

Baada ya mazoezi Shondra akanifuata mlangoni. "Profesa, lile daftari nani alikupa?"

"Mwanamke mmoja wa kanisani. Simkumbuki jina."

Nilimjibu upesi mno.

Jumanne, 10 Februari

Nimemweleza Thaddeus. Alikuwa anakula mkate wa mahindi mezani pake, na hakuuweka chini.

"Kila bibi wa Delta ana dada aliyeandika kitu," akasema. "Mshukuru kwa mstari mmoja chini ya ukurasa, mpe kiti safu ya kwanza, piga naye picha. Mambo yaishe. Usije ukakitikisa kitabu kizima kwa sababu ya kiazi."

Hakuniuliza kama ni kweli. Pale pale nilimshukuru kwa hilo.

Jumapili, 15 Februari

Nilitoka kanisani, nikala, nikaosha sahani, nikazifuta, nikazipanga kabatini. Nilipokosa kazi nyingine ya kufanya nilipanda darini kutafuta sanduku la mwaka 1971.

Kaseti ilikuwa ndani yake. Nilijua itakuwepo. Naliandika kwa sababu shajara isiyosema kweli ni kupoteza wino: nimejua kwa miaka thelathini na mitatu kaseti hiyo iko wapi.

Nikaiweka kwenye kinasa sauti. Kwanza ukasikika mvumo wa feni, halafu sauti yangu ya miaka ishirini na saba, laini, ya mtu aliyetoka chuo kikuu cha kaskazini jana.

"Na mchezo huu, mama, mliutunga vipi pale kanisani?"

"Hatukuutunga. Niliutunga."

"Wewe na wenzako?"

"Mimi na penseli. Wenzangu walikuwa shambani wanachuma pamba, na mimi pia mchana nilikuwa huko."

Kuna mlio wa kijiko kwenye sahani. Halafu yeye tena, bila haraka:

"Ukiandika hicho kitabu chako weka jina langu. Lurline Crump. Crump inaanza na C, siyo K. Watu wa vyuoni hukosea."

"Ndiyo, mama."

"Umeandika?"

"Ndiyo, mama."

Nilisimamisha mashine.

Kwa nini sikuliweka? Nina majibu ya kisomi, mengi tu. Walimu wangu weupe wa kaskazini walikuwa wameniambia watu wetu hawana tamthilia, wana kelele za kanisani. Nikataka kuwarudishia kelele hizo zikiwa nadharia. Mchezo mmoja wa mwanamke mmoja ungekuwa kioja cha kuwekwa kwenye kabati la vioo. Mchezo wa umati ulikuwa hoja, na hoja ingenipa shahada na kazi.

Lakini chini ya majibu hayo kuna jingine. Lurline Crump alikuwa dobi. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwa miaka ya maji ya moto na sabuni kali. Nilivitazama vidole vile vikinikabidhi daftari, na moyoni nikasema: haiwezekani, peke yake. Sikumwamini. Mimi, ambaye bibi yangu alifua nguo za watu mpaka alipokufa.

Kwenye kinasa sauti kuna kitufe chekundu. Ukikibonyeza, mashine inaandika ukimya juu ya kila kilichokuwepo. Niliweka kidole hapo. Bi Ozella hajui kama kuna kaseti. Hakuna anayejua. Nilikaa hivyo mpaka mkono ukaingia ganzi, halafu nikautoa na kwenda kumlisha paka.

Alhamisi, 19 Februari

Dibaji: sentensi mbili, nimezifuta zote. Mvua.

Jumanne, 24 Februari

Leo Shondra alifika kwa wakati, na hilo tu lilipaswa kunishtua. Tulipofika kwenye mstari ule hakupiga magoti. Aliketi akajiegemeza, akatia mkono kifuani, akatoa kiazi kitamu. Wenzake waliangua kicheko kabla hajatamka neno.

Nikasimamisha mazoezi. "Tutaigiza kama kitabu kinavyosema."

"Kitabu kipi, Profesa? Cha kwake au chako?"

Nikamwambia atoke. Akatoka, amenyooka, na kiazi chake mkononi. Tukaendelea bila yeye, na lilikuwa jambo la aibu kutazama: watu kumi na wanne wakimwigizia mtu asiyekuwepo.

Nimekuwa nikijiambia binti huyu ni mvivu. Mvivu hapiki kiazi usiku kipoe ili aje kunipinga mchana.

Jumatano, 25 Februari

Shondra amerudi, kwa wakati. Amepiga magoti na kulia kama nilivyotaka. Sijawahi kuona tusi lililokamilika kama lile.

Jumatatu, 1 Machi

Shondra hakuonekana mwisho wa juma. Mwenzake wa bwenini anasema alikwenda Ellisboro. Mto umepanda; barabara ya chini imefungwa. Alizunguka maili arobaini.

Ijumaa, 5 Machi

Nina haja ya kuandika jambo hili kwa utaratibu.

Saa tisa unusu mbingu iligeuka rangi ya kijani, ile tunayoijua. King'ora cha kimbunga kikalia. Nikawashusha wanafunzi wote chini ya jengo, kwenye ujia wa mabomba ya maji moto, tukaketi sakafuni migongo ukutani. Taa zikazimika. Mtu akaanza kuguna wimbo wa kanisani, wengine wakadakia, taratibu, bila maneno. Shondra alikuwa ameketi bega kwa bega nami. Sidhani ilitokea kwa bahati.

"Nilikwenda Ellisboro," akasema chini chini.

"Nimesikia."

"Bi Ozella anasema kiangazi cha sabini na moja alikuja msichana mwenye miwani mikubwa kama vifuniko vya sufuria. Alikuwa na kinasa sauti. Alikaa jikoni kwao mchana mzima, na Bi Lurline akampa daftari kwa mkono wake. Anasema msichana huyo alikula vipande vitatu vya pai ya pichi."

Juu yetu kitu kizito kilianguka na kuburutwa na upepo. Wimbo ukasita, kisha ukaendelea.

Ningeweza kukaa kimya. Ningeweza kusema wasichana wenye miwani walikuwa wengi mwaka ule.

"Vinne," nikasema.

Alichukua muda kuelewa. Nilihisi bega lake likijitenga na langu.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujazaliwa. Alinitajia jina lake herufi kwa herufi. Ninayo kwenye kaseti."

Upepo ulikuwa umepita, lakini hakuna aliyetuambia tunyanyuke.

"Mwalimu wangu wa sekondari alinipa kitabu chako," akasema. "Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilikipigia mstari mpaka kalamu ikaisha. Ndicho kilichonileta Tolliver. Kulikuwa na sehemu unasema hakuna mtu mweusi anayesema peke yake. Nilipenda sana hiyo. Nyumbani kwetu nilikuwa peke yangu kabisa, nikasema, kumbe siko."

"Bado naiamini, Shondra."

"Na yeye je? Yeye alisema peke yake, na wewe ukamnyang'anya."

Taa zikawaka. Alisimama, akafuta vumbi kwenye sketi, akapanda ngazi bila kunitazama. Wengine walikuwa wamesikia. Walinipita mmoja mmoja, kwa heshima kubwa, kama watu wanavyompita mfiwa.

Jumamosi, 6 Machi

Nimekwenda Ellisboro na kaseti.

Nyumba ni ileile, ila imepakwa rangi ya samawati. Bi Ozella alifungua mlango akanitazama kwa muda.

"Miwani umebadilisha," akasema. "Ingia. Ulipokuwa unanihutubia kule ukumbini nilikuwa nawaza, huyu sauti yake nimeila na pai mahali."

Hakuniuliza nimejia nini. Nikaweka mashine mezani, nikamwambia, "Mama, hii ni sauti ya dada yako. Nimekaa nayo tangu siku ile." Nikabonyeza.

Lurline aliposema "Mimi na penseli," Bi Ozella aliweka kiganja mezani, kama mtu anayetuliza mtumbwi. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia nirudishe. Nikarudisha. Mara ya nne akasema basi.

"Tangu tumzike sijamsikia. Mwaka wa sabini na tisa. Nilikuwa nimeanza kusahau alivyokuwa anavuta maneno." Kisha: "Alikiona kitabu chako, unajua?"

Sikujua. Siku zote nilikuwa nimejifariji kwamba hakukiona.

"Mpwa wetu alikileta kutoka Memphis kikiwa kipya. Lurline alinawa mikono kabla ya kukigusa. Akatazama mbele, jina hakuna. Akatazama nyuma, hakuna. Pale penye mchezo wenyewe pameandikwa mwandishi hajulikani. Akasema, labda wameliweka katikati. Basi akakisoma. Chote, na kamusi pembeni, kila akitoka kufua. Kilimchukua tangu pamba inachanua mpaka Krismasi."

Nilitaka asiendelee, na sikuwa na haki ya kumzuia.

"Alipomaliza alisema nini?"

"Alisema, huyu msichana anaandika vizuri."

Nje mvua ilikuwa imeanza tena. Nikamwambia samahani. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani. Lilitoka hilo moja.

"Usiniombe mimi," Bi Ozella akasema. "Mimi sikuandika kitu. Mimi nilikaanga samaki."

Jumanne, 9 Machi

Thaddeus alifunga mlango wa ofisi kwanza, halafu akazungumza.

"Umemwambia nani?"

"Wanafunzi wanajua. Bi Ozella anajua. Tarehe 27 nitawaambia watu wote."

"Imogene, nishani ni Aprili. Ngoja mwezi mmoja. Mwanamke amekufa miaka ishirini na mitano, mwezi mmoja utamdhuru nini?"

"Nimeshamngojesha wa kutosha."

"Unajua watakavyosema? Watasema, tazama, hata wasomi wao wakubwa ni wezi. Hutajibomoa peke yako. Utatubomoa sote."

Sikuweza kumpuuza. Si mwoga, na hajali nafsi yake tu. Ametumia maisha kulinda nyumba hii isiangushwe na watu wanaoitakia kuanguka. Lakini nilimtazama nikajiona mimi wa mwaka 1971, nikitoa sababu nzuri moja baada ya nyingine, na katika sababu zote hizo hakuna hata moja yenye jina la Lurline.

"Ukifanya hivyo sitakuja," akasema.

"Basi nitakukosa."

Ijumaa, 12 Machi

Nimebadilisha mabango. Jina la Lurline Crump liko juu, kwa C. Nimewaambia waigizaji, na nimewaomba radhi. Halafu Shondra akauliza, "Kiazi kiwe cha kuchemsha au cha kuoka?" Nikasema sijui, mpigie Bi Ozella simu.

Cha kuoka.

Ijumaa, 19 Machi

Mvua. Nimemwandikia mchapishaji. Sikuandika dibaji, niliandika barua.

Alhamisi, 25 Machi

Hakuna jibu. Kula sili. Shondra ananiambia "Ndiyo, Profesa" na "Hapana, Profesa," hakuna zaidi.

Jumamosi, 27 Machi

Ukumbi ulijaa. Ellisboro walikuja na mabasi mawili ya kanisa, kina mama na kofia zao, pepeo za karatasi za kujipepea mikononi ijapokuwa kulikuwa na baridi. Bi Ozella alikuwa safu ya kwanza. Kiti cha Thaddeus kilikuwa wazi.

Nilisimama mbele ya pazia. Nimehutubia kumbi kubwa kuliko ile. Nikasema: "Mchezo huu uliandikwa na Lurline Crump, dobi wa Ellisboro, peke yake. Mwaka 1971 alinipa daftari lake na kunitajia jina lake. Mimi nilinyamaza, na kitabu changu kikamwita mwandishi asiyejulikana."

Nilisikia maji yakidondoka kwenye ndoo.

Kisha kutoka safu ya kwanza, bila hasira, kwa sauti ya kawaida: "Sikusikia. Sema tena."

Alisikia. Nina hakika alisikia. Nikasema tena.

Mwanamume mmoja nyuma akaitika, "Sema tena, mama."

Nikasema mara ya tatu, na safari hii nilipofika kwenye jina ukumbi wote ulilitamka pamoja nami. Miaka thelathini nimeandika jinsi umati unavyojibu. Sikuwahi kusimama mbele yake ukinijibu mimi. Hauna huruma, wala hauna chuki. Haukuachi tu mpaka umemaliza kusema.

Mchezo wenyewe: Shondra aliketi kwenye kile kiti kana kwamba alizaliwa juu yake. "Bwana, mimi sina haraka," akasema, akatia mkono kifuani. "Nimekuja na chakula changu." Alipoanza kukimenya kiazi, kina mama wa Ellisboro walicheka mpaka mmoja akatolewa nje akapate hewa. Shemasi wetu, kijana wa mwaka wa pili, alisahau mistari yake yote. Shondra alitafuna, akameza, akamtazama. Kicheko kikafa chenyewe, na katika ule ukimya uliofuata kila mtu mle ndani alielewa kwamba mwanamke yule hatatoka kwenye kiti kile. Kurasa zangu arobaini na moja hazikuwahi kufika hapo. Lazima watu wacheke kwanza. Lurline alilijua hilo akiwa na miaka ishirini na sita, mikono kwenye pamba.

Ijumaa, 2 Aprili

Mchapishaji amepiga simu. Kitabu hakitatolewa upya. Chama cha wasomi kimeandika kwamba nishani "imeahirishwa". Gazeti moja limesema mimi ni mwizi, jingine limesema mimi ni shujaa. Nimeyakunja yote mawili. Thaddeus alinipita ujiani akitazama saa yake.

Alhamisi, 8 Aprili

Nimefundisha sura ya tatu darasani kama mfano wa kosa. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Kwa hiyo nadharia yote ni uongo?" Nikamwambia sijui, na kwamba sijawahi kulisema neno hilo darasani kwa miaka ishirini na minane. Waliandika hata hilo.

Jumamosi, 17 Aprili

Shondra amesema anataka kuandika habari za Lurline Crump: maisha yake, mchezo, na mingine miwili ambayo Bi Ozella anasema dada yake aliianza. Akaomba nimpeleke Ellisboro, maana hana gari. Njia nzima tulizungumza mambo ya mitihani. Karibu na daraja akaniuliza kama kinasa sauti chake kinafaa, nikamwonyesha namna ya kukiweka mbali na feni. Hayo ndiyo maneno mengi zaidi tuliyosemezana tangu siku ya king'ora.

Bi Ozella alitupokea mlangoni. Alimshika Shondra mkono, akamwingiza. Nilipoinua mguu kuwafuata akaweka fimbo yake kizingitini, taratibu, bila ukali.

"Huyu ndiye nitamwambia," akasema. "Wewe ulishaambiwa."

Nikaketi kwenye kiti cha barazani. Niliweza kusikia sauti zao jikoni, si maneno: ya kikongwe ikivuta, ya binti ikiuliza, kisha zote mbili zikicheka. Sahani ziligongana. Saa ya kwanza ikapita, na ya pili. Kuna maswali ishirini niliyotaka kuuliza, mazuri, ya mtu aliyeisomea kazi hii maisha yake yote. Mvua ikaja na upepo, ikaanza kunilowesha upande mmoja. Mlango haukuwa umefungwa kwa komeo. Ulikuwa umeegeshwa tu.

Sikugonga. Nilisogeza kiti karibu na ukuta, nikangoja Bi Ozella amalize.